Mabakuli Matatu ya Uji wa Kopo

Kabambare, 8 Februari 1953

Kwa dada yangu Mwamvita,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote wa hapo Kasongo. Sisi tu wazima. Faida mke wangu anakusalimu na kushukuru kwa kitenge. Mama tangu ahamie kwangu baada ya arobaini ya baba hana neno, ila goti lile la kushoto, na mvua ikikaribia ndilo linalotuambia kabla ya mawingu. Kazi ya ukarani pale ghala la pamba inaendelea.

Sasa nina jambo. Nimeomba kadi, ile ya watu waliostaarabika. Célestin, karani mwenzangu, ameipata mwaka jana, naye ndiye ananionyesha njia. Kabla ya kuitoa wanatuma komisio nyumbani kwako, Wazungu wawili watatu, waangalie choo, kitanda, vitabu, na zaidi ya yote waangalie mnavyokula. Wanapenda kuja asubuhi, maana mchana mtu anaweza kujitengeneza, lakini asubuhi ndipo anapojulikana. Basi nimenunua meza, vijiko, na kopo la nafaka ya Ulaya inayoitwa avwani. Inachemshwa kama uji, inatiwa maziwa ya unga na sukari.

Kwa hiyo nakuomba mawili. La kwanza, usimpe tena Atumani, yule dereva wa kamio la mizigo, unga wa mchele atuletee. Mama akiuona unga ule hatauzoea uji wa kopo. La pili, ukiniandikia, tafuta mtu akuandikie kwa herufi za Kizungu. Barua zako za herufi za Kiarabu zikikutwa humu ndani, watasema mimi ni mtu wa Waarabu.

Na ile desturi ya baba, ya nyumba nzima kukaa inameza mate mpaka Mama amalize bakuli lake, tumeiacha. Mezani watu hula pamoja. Usiniulize kwa nini naitaka kadi hii. Naitaka.

Mdogo wako,
Sumaili


Kasongo, Jumadi ya pili 14 (kwenu ninyi wa ofisini: 1 Machi 1953)

Kwa mdogo wangu Sumaili,

Assalamu alaikum. Naanza hivyo kwa sababu wewe umenisalimu kama mtu wa posta. Shemeji yako amepona jino. Mpunga umeiva vizuri mwaka huu, ndege wametuachia kidogo. Watoto wamekua, hawasikii.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikamsomea shemeji yako, mara ya tatu nikakasirika. Hizi ndizo herufi alizonifundisha baba barazani, wewe umekaa ubavuni pangu unalia unataka kalamu. Sina nyingine, na sitamweka mtu katikati yangu na wewe. Ukizionea haya, zisome halafu uchome.

Unga unakuja. Nimeloweka mchele jana, nimeutwanga leo, nimeuchekecha mara mbili kama Mama anavyopenda. Unajua mimi uji wangu ni wa ndimu na chumvi, na shemeji yako anataka karanga nyingi mpaka kijiko kisimame. Wewe ulikuwa unapigania ukoko wa sufuria. Kila mtu na mdomo wake, sikukatazi avwani zako. Lakini bibi wa miaka sabini hafundishwi kunywa uji.

Na ile desturi haikuwa ya baba. Ilikuwa ya mama yake baba. Mwaka wa njaa alikuwa anawagawia watoto, yeye analala na njaa, mpaka akaanguka shambani. Ndipo babu akasema katika nyumba hii mama atakula kwanza, na macho yetu yakiona. Ulikuwa hulijui hilo? Sasa umelijua.

Nikuulize. Kama mnakula pamoja mezani, Mama anaketi upande gani? Na kadi ni ya nini, Sumaili? Mshahara unao, mke unaye. Mkataa kwao mtumwa.

Dada yako,
Mwamvita


Kabambare, 29 Machi 1953

Kwa dada yangu,

Salamu. Barabara imekatika daraja la pili, ndiyo maana barua inachelewa. Faida alikuwa na homa, amepona. Unga umefika, asante.

Tunajizoeza kila asubuhi. Faida anaketi mbele yangu, kitambaa cha serviyeti magotini, tunakula kimya. Kijiko hakifyonzwi, kinaingia kwa ncha na kutoka bila sauti. Nikwambie ukweli, mimi mwenyewe siupendi uji huu. Una harufu ya gunia lililolowa. Siku za kwanza niliutia chumvi, Célestin akaniambia hapana, Mzungu akionja chumvi humo atajua mara moja. Sasa koo limezoea. Faida anaziba pua kwa ndani, sijui anafanyaje, lakini usoni haonyeshi kitu.

Mama ameonja mara moja tu. Akaushika mdomoni kitambo, akatoka, akautema nyuma ya nyumba, akarudi akasema, “Huu unateleza kama bamia, na hauna mutu ndani.” Nikamwuliza maana yake. Akasema, “Uji wa dada yako nikiunywa, namuona Mwamvita na kinu chake. Huu nani ameutwanga?”

Umeuliza anaketi wapi. Anaketi mahali panapomfaa.

Habari kubwa ni hii: siku imewekwa. Komisio itafika kwangu Jumatano tarehe 27 Mei, saa moja asubuhi. Wameandika tule kama tunavyokula siku zote, wasituone tumefanya sherehe. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya kalenda ya ofisi na kuitia alama ya wino mwekundu. Niombee dua.

Sumaili


Kasongo, Rajabu 25 (10 Aprili 1953)

Sumaili,

Assalamu alaikum. Sisi wazima. Leo sina habari za mpunga.

Atumani amepita hapa na kamio lake, nikampa chai, nikamwuliza habari za Mama. Alizunguka sana kabla ya kusema. Anasema alipoleta unga, Mama alikuwa jikoni nyuma, amekaa juu ya kigoda karibu na kuni, anakunywa uji peke yake kwenye kata. Anasema ulimwambia aingie kwa mlango wa nyuma. Anasema Mama alimwambia, “Huku kuna joto, goti langu linapapenda.”

Mahali panapomfaa! Nimeishi na wewe nyumba moja miaka kumi na minane na leo ndiyo mara ya kwanza nimeona aibu kuitwa dada yako. Mama yetu ale pamoja na kuku, ili wewe ule na Wazungu wawili ambao hata majina yao huyajui?

Na kuna jingine. Mliweka alama ya wino mwekundu, wewe na kalenda yako. Umehesabu mwezi? Mimi nimehesabu kwa vidole, halafu nikamwendea mwalimu wa msikitini ahesabu naye. Tarehe 27 Mei itakuwa Ramadhani kumi na tatu. Saa moja asubuhi, jua limekwisha kutoka. Utaketi mezani na Wazungu wakikutazama, na utafungua mdomo?

Zamani wewe ndiye uliyekuwa unaniamsha daku. Siku hizi mwezi unaandama na wewe hujui. Nataka jibu, na safari hii usinijibu kama karani.

Mwamvita


Kabambare, 3 Mei 1953

Dada Mwamvita,

Nimeipata barua yako juzi tu, daraja lilikuwa bado. Sikuanza kwa habari za nyumbani, unisamehe. Kila ulilolisema ni kweli. Mwezi sikuuhesabu. Siku ile nilifurahi kupangiwa tarehe, nikasahau kwamba kuna kalenda nyingine.

Kwenda kuomba wabadilishe siku siwezi. Nilimwuliza Célestin, akasema, “Ukiwaambia unafunga, wanaandika Mwislamu wa zamani, karatasi yako inalala.” Sisi wa Kasongo tayari wanatutazama kwa jicho la shaka.

Sasa nitakujibu lile nililokuambia usiniulize.

Mwaka jana mwezi wa Agosti, pamba ilipungua ghalani. Kulikuwa na bwana mmoja anayekagua, amekwisha kuondoka nchi hii. Hakutafuta. Alisema karani ndiye anayeshika ufunguo. Wakanilaza uani, mbele ya wapagazi ninaowaita majina kila asubuhi, wakanipiga kimboko, ule mjeledi wa ngozi. Sikuhesabu ngapi. Siku ya nne pamba ikaonekana, ilikuwa imepelekwa ghala jingine kwa makosa yao. Hakuna aliyeniambia neno. Mpagazi mmoja hata leo hawezi kunitazama usoni.

Mama alikuwa amefika wiki mbili tu tangu arobaini. Alinikalisha juu ya mkeka, akaniosha mgongo kwa maji ya vuguvugu na mafuta ya nyonyo, asubuhi na jioni, siku tisa. Hakuuliza na mimi sikusema. Siku ya kumi akaniletea uji, na mara ile moja alikataa kula kwanza. Alisema, “Leo anza weye.”

Mwenye kadi halazwi chini. Ndiyo maana yake yote, dada. Si meza wala kijiko. Mwenye kadi wakitaka kumshtaki wanamshtaki kwa karatasi, amesimama na nguo zake.

Kwa hiyo nitakula. Mungu nitamlipa siku yake, ni Mwenye kusamehe. Bwana wa kimboko hasamehe hata asiyekosa. Faida nimemwambia, amelia, amekubali. Mama simwambii tarehe. Asubuhi ile nimepanga akae kwa jirani. Najua utakavyoniona. Nione hivyo.

Sumaili


Kasongo, Ramadhani 6 (20 Mei 1953)

Mdogo wangu,

Assalamu alaikum. Barua yako nimeisoma nimeshika mchi, na nilipomaliza nikaendelea kutwanga, maana sikujua kitu kingine cha kufanya. Kinu kimesikia kilio.

Mbona hukuniambia? Miezi tisa. Nimekuita mtumwa mimi kwa mkono wangu.

Nilimwendea mwalimu kumwuliza kama naweza kuifunga siku yako mimi. Amesema mtu aliye hai hafungiwi na mwingine. Basi kula, Sumaili. Kula, na mimi siku hiyo sitafungua kinywa kukusema.

Nampa Atumani barua hii sasa hivi. Amesema mvua zimemaliza barabara, hajui atafika lini.

Mwamvita


Kabambare, 31 Mei 1953

Dada Mwamvita,

Barua yako imefika leo, siku nne baada ya wao kuja. Nakuandikia kabla ya moyo kupoa.

Jumatano niliamka, Faida akatandika kitambaa, akapika avwani, akaweka mabakuli mawili. Mama alikuwa ametoka mapema kwenda kwa jirani, au ndivyo nilivyodhani. Wakaja saa moja kamili, mabwana wawili na madamu mmoja, na Célestin nyuma yao na daftari. Wakatazama kitanda, wakafungua kabati. Kisha yule mkubwa akavuta kiti pembeni akasema kwa Kiswahili, “Kuleni. Sisi hatuko hapa.”

Nikashika kijiko. Faida alikuwa ameinamisha macho. Nilikuwa nimekwisha kuchota, uji uko kijikoni, mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Mama aliingia amevaa kanga nyeupe aliyovaa siku ya mazishi ya baba, kichwa amekifunga vizuri. Hakuwasalimu kwanza wao. Alikuja mpaka mezani, akaniangalia kijiko, nikakirudisha. Nikampisha kiti. Akaketi, akalivuta bakuli langu mbele yake.

Yule mkubwa akauliza, “Mama, unafanya nini?”

Mama akasema, “Mu hii nyumba mama ndiye anaanzaka. Watoto wanangoja mpaka amalize. Tangu zamani ni vile.”

“Na wewe unakula uji wa Kizungu?”

“Wa mutoto wangu. Ameununua yeye.”

Akaanza kula. Alishika kijiko kama anavyoshika mchi, lakini hakufyonza, hakumwaga hata tone. Lazima alikuwa akitutazama kutoka jikoni siku zote zile. Alikula polepole, kijiko, anapumzika, kijiko. Nilijua anavyouchukia. Kila alipomeza niliona shingo yake ikikaza. Alipomaliza langu akalivuta la Faida. Madamu akatabasamu, akamwuliza kama ni tamu. Mama akajibu, “Iko tamu sana,” na machozi yamemjaa, madamu akadhani ni moshi.

Alipomaliza la pili akamwambia Faida, “Ongeza, mwanangu.” Faida akaleta la tatu. Mimi na Faida tumesimama nyuma ya viti, mikono mbele, kama zamani barazani kwa baba. Yule bwana wa pili akatazama saa yake. Walikuwa na nyumba nyingine mbili za kukagua. Katikati ya bakuli la tatu wakaondoka. Hakuna kilichoingia mdomoni mwangu, wala mwa Faida.

Célestin alipofunga mlango, Mama aliweka kijiko, akatoka nyuma, akatapika. Nikamshika kichwa. Nikamwuliza amejuaje. Akasema, “Weye na kalenda. Miye na mwezi tunajuana tangu utoto.” Nikamwambia, Mama, ulikuwa umefunga. Miaka yote hii, hata alipougua, hata mwaka ule wa goti, hajawahi kuacha siku moja. Akasema mwalimu alikwisha kumwambia wazee wameruhusiwa, ila yeye hakutaka ruhusa. “Sasa nimeitumia,” akasema. “Nilikuwa naiweka.”

Tangu siku ile anaketi mezani. Kigoda nimekipasua kuni.

Sumaili


Kabambare, 19 Julai 1953

Assalamu alaikum, dada yangu mpenzi,

Unaziona herufi, zile za baba. Mkono umesahau, utanisamehe zile zilizolala. Nimekuandikia hivi kwanza kwa sababu nilitaka, na pili kwa sababu Faida na Célestin hawawezi kuzisoma.

Baada ya Idi, Mama alisema anataka kuilipa siku yake, ingawa mwalimu wa hapa alimwambia halazimiki. Nikafunga naye. Kesho yake asubuhi Faida akapika unga wako, na ndimu kama yako, na karanga kama za shemeji. Mama akala kwanza, tukamtazama. Ukoko nimepewa mimi.

Sasa sikiliza. Jibu la kadi limekuja. Wamekataa. Célestin alinisomea sababu, ameona haya kuliko mimi. Wameandika kwamba nyumba ni safi, mke anajua mezani, lakini mwombaji bado yuko chini ya desturi za zamani, kwa kuwa alisimama kama mtumishi na kumwacha mama yake ale kwanza kabla ya wote. Nijaribu tena baada ya miaka mitatu.

Mama aliniuliza siku ileile, “Wamekupa?” Nikasema wamenipa. Alishika uso kwa mikono miwili, akasema alhamdulillahi, na jioni ile nilimsikia akiimba, jambo ambalo sijalisikia tangu baba afe.

Siwezi kumwambia, dada. Alikula mabakuli matatu. Ataka kuja kwenu akuone na kuzuru kaburi la baba, atafika na kamio la Atumani. Nakuomba kwa jina la baba, akikuambia nimepata kadi, furahi naye.

Mdogo wako,
Sumaili


Kasongo, Dhulhija 4 (14 Agosti 1953)

Waalaikumu salamu, mdogo wangu Sumaili,

Herufi zako zimelala kama walevi lakini nimezisoma zote. Mama amefika salama. Amekonda kidogo, mdomo haujakonda. Kaburi tumelizuru, tumelipalilia. Shemeji yako amemchinjia kuku.

Nilifurahi kama ulivyoniambia. Nilipiga vigelegele mpaka jirani wakaja, nikajiona mwongo mbele ya mtaa mzima. Mama alikaa ananitazama, anatikisa kichwa taratibu.

Siku ya tatu tulikuwa tunapeta mchele, akasema bila kuinua macho, “Kadi hawakumupa.”

Nikamwambia, Mama, si amekuambia mwenyewe kwamba amepata?

Akasema, “Sumaili tangu mutoto, kitu akipata anakileta kwanza kwa miye nione. Hata panzi alileta. Ile kadi sijaiona.” Akapeta ungo mara mbili tatu, halafu akasema, “Usimwambie kama miye najua. Amehangaika sana kunidanganya.”

Mimi nimekuambia. Katika familia hii tumefichana ya kutosha mwaka huu. Lakini mbele yake endelea kuwa na kadi, na yeye ataendelea kukupongeza, na mtakunywa uji wenu.

Anarudi kwako Jumatatu. Unga nimempa wa kutosha mpaka mavuno. Kuna kitu kingine ndani ya mzigo wake, amekikamua mwenyewe siku mbili hapa uani kwangu, hakutaka nimsaidie. Ni chupa mbili kubwa za mafuta ya nyonyo. Atakuambia ni ya goti. Usimwulize.

Dada yako,
Mwamvita